Chawa wa Kwale wa Giteranyi

Nimekabidhi funguo mbili, wa mlango na wa kabati la vioo. Klarisi, aliyezipokea, ameniomba niwaandikie yeye na wenzake jinsi kazi yetu ilivyokuwa, maana amerithi makabati yaliyojaa vipande vya kioo vyenye mwandiko wangu na hajui nyuma ya kila kimoja kulitokea nini. Nyuma ya vingi hakukutokea kitu. Niliona chawa, nikamlaza kwenye kioo, nikaandika jina lake, nikaenda nyumbani. Lakini viko vioo vya kwale vilivyotoka Giteranyi, na hivyo siwezi kuviacha humo bila neno. Nitavifikia. Nikianza navyo hamtaelewa ni mtu gani aliyeviweka.

Nilikulia Tanzania, kambini, upande wa Kigoma, na niliporudi Burundi nilikuwa na cheti cha sekondari, Kiswahili cha shule na Kirundi ambacho wenzangu wa Gitega walikicheka. Barua ya kazi ilisema tu kwamba nitasaidia katika chumba cha wadudu. Nilidhani ni mbu. Siku ya kwanza nilivaa koti jeupe nililoliazima, nikapokewa na Mzee Venansi, mtayarishaji wa mikusanyo, mtu mrefu aliyeinama mabega, mwenye vidole vilivyopasukapasuka kwa dawa ya kuhifadhia ngozi za ndege. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kuku aliyekufa, brashi laini na karatasi nyeupe, akaniambia nimchane kuku kuanzia shingoni hadi mkiani na nihesabu kitakachoanguka.

Nilihesabu chawa. Akahesabu yeye. Hesabu yangu ilipungua kumi na mmoja.

"Hao kumi na mmoja," akasema, "wako kwenye mkono wa koti lako."

Walikuwepo kweli, wakipanda kuelekea kwapani. Mwenye koti sikuwahi kumweleza.

Watu wengi huwaita utitiri, na mtawasahihisha mpaka mchoke. Utitiri una miguu minane na ni ukoo mwingine. Chawa ana sita. Chawa wa ndege hatembei kutafuta maisha. Anazaliwa kwenye ndege, anakula kwenye ndege, anafia hapo. Wapo wanaotafuna manyoya tu, na wapo wanaoguguna ngozi mpaka damu itoke, wakainywa. Shikeni tofauti hiyo, nitaihitaji mbele. Na kila aina ya ndege ina chawa wake, kiasi kwamba ukinipa chawa aliyehifadhiwa vizuri naweza kukuambia alitoka kwa njiwa au kwa kanga. Ndege akishakufa na kupoa, chawa hupanda juu ya manyoya wakitafuta pa kwenda. Hawana pa kwenda. Una siku moja hivi ya kuwachukua, kisha nao wanakwisha.

Zana zetu zilikuwa chache. Tulikuwa na chupa ndogo za spiriti, na lebo za kuandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka na ukabaki na chawa asiye na kwao. Chawa alilowekwa ndani ya potasi mpaka matumbo yayeyuke na mwili uwe kama kioo cha rangi ya chai. Kisha maji, kisha spiriti tena, kisha mafuta ya karafuu, halafu analazwa kwenye utomvu mzito na kufunikwa. Kukauka kulichukua wiki, kwa joto la taa, umeme ukiwepo. Chumba kilinuka karafuu. Wageni walidhani tunapika.

Kumtambua chawa mpya ni kazi ya kuhesabu nywele zake. Unahesabu za kichwani, za kifuani, za kila pingili ya tumbo, kisha unatazama viungo vya uzazi vya dume, kwa sababu humo ndimo aina mbili zinazofanana kwa kila kitu huachana. Mama yangu aliniuliza mara moja kazini nafanya nini hasa. Nilimwambia naandika orodha.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea na kunguru wa Bugendana. Nilimpata amekufa kwenye shamba la maharage, na kwenye manyoya yake nikamkuta chawa ambaye hakuna kitabu kilichosema kunguru anaye. Niliandika maelezo ya kurasa nne, na jina nilikuwa nimeshalichagua. Mzee Venansi alisoma zote, akavua miwani, akaniuliza kunguru huyo alisafiri na nani. Nikasema kwenye mfuko mmoja na jogoo niliyepewa na mwenye shamba. Chawa alikuwa wa jogoo. Alinirudishia karatasi zangu, nikazichana mwenyewe, kisha nikachemsha mifuko yote ya stoo, moja baada ya moja. Tangu siku hiyo kwangu ndege mmoja ni mfuko mmoja. Mara ya pili nilitangaza aina mpya ambayo ilikuwa mtoto wa aina ya zamani, hajakomaa, nywele zake hazijatimia. Hiyo nayo niliichana.

Miaka ikaenda hivyo. Nilijifunza kutoamini furaha yangu. Mzee alinifundisha kwamba lebo inatangulia chawa: ndege gani, mahali gani, siku gani, nani aliyemchukua. Bila siku, alisema, hujakusanya, umeokota.

Baadaye nikapewa mkoa wa Muyinga. Nilikwenda Mwakiro na Giteranyi kila msimu, kwa gari la ofisi lilipokuwa na mafuta na kwa baiskeli ya kukodi lilipokuwa halina. Sokoni waliniita Mama Chawa. Walinizoea, lakini hawakunielewa, isipokuwa mtu mmoja.

Huyo aliitwa Nabintu. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mjane, aliyekimbia vita na kupanga chumba pale Giteranyi miaka mingi kabla sijamjua. Aliuza ndege wa porini walioletwa na wategaji: kwale, njiwa, kanga mara chache. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba nataka ndege asiyenyonyolewa na asiyegusana na mwenzake. Mara ya pili nilipofika nilimkuta amefunga kila kwale peke yake ndani ya kipande cha jani la mgomba, kingo amezikunja na kuzibana kwa kijiti. Hakuna aliyemfundisha. Nilikuwa nimefanya kazi na wenye shahada ambao hawakuweza kulielewa jambo hilo. Aliniita dada Goreti, na namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, ili nimpigie kabla ya safari aniwekee ndege. Wale ambao hawakununuliwa siku ya soko, aliniambia, huwabanika kwa moshi na kuwauza Jumapili watu wakitoka kanisani. Alinieleza hilo kwa kawaida tu, tukipiga soga. Nalitaja kwa sababu nilikuwa nalijua.

Sasa nimefika kwenye kwale.

Nilinunua sita kwake Alhamisi mchana, wamekufa asubuhi ile, kila mmoja ndani ya jani lake. Wengine zaidi ya kumi walibaki kwenye ungo. Nililala Muyinga mjini, na Ijumaa asubuhi nikafika Gitega. Nilimfungua wa kwanza juu ya karatasi nyeupe. Chawa wanaokula manyoya walikuwa wazima, wanapanda juu kama ilivyo kawaida yao. Lakini wale wanywa damu, wanaokaa chini karibu na ngozi, walikuwa wamekufa, miguu imekunjwa, matumbo yamejaa damu nyeusi. Nilidhani ni baridi ya njiani. Nikamfungua wa pili, na wa tatu. Wote sita walikuwa hivyo hivyo. Waliokula manyoya wako hai, waliokunywa damu wamekufa.

Na kati ya hao waliokufa alikuwepo chawa wa aina ambayo sikuwahi kuiona, sita kwa jumla. Alikuwa mkubwa, kahawia iliyokolea, na kila upande wa kichwa alikuwa na miiba mitatu minene. Jamaa zake ninaowajua wana miwili.

Nilimpasua kwale wa kwanza kifuko cha kooni. Kilikuwa kimejaa mahindi ya rangi ya waridi.

Mmekulia mashambani, mnaijua rangi hiyo. Ni mbegu iliyotiwa dawa ya wadudu, ya kupanda, si ya kula. Kuna wategaji waliogundua kwamba ukimwaga punje zake kwenye njia ya kwale huhitaji mtego.

Ilikuwa desturi yetu kwamba nikimaliza manyoya na ngozi, nyama ni ya Mzee Venansi. Alikuwa na wajukuu. Wawili kati ya wale sita alikuwa ameshawachukua uani na kuwanyonyoa, wako kwenye kikapu chake. Nilitoka mbio nikakishika kikapu. Akasema ni wawili tu. Nikamwambia asile hata mmoja, nikamwonyesha punje kwenye kiganja. Alizitazama, akaenda kuchota mafuta ya taa, akawachoma kwale wote kwenye shimo la nyuma ya jengo, akasimama hapo mpaka wakawa majivu. Nilikuwa nimebakiza chawa na chupa moja ya punje.

Kisha akaniuliza, "Umeshawaambia wa kule?"

Nikasema namwambia mkuu kwanza.

Nilimwambia. Mkuu wetu wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kama tuna kipimo cha sumu, nikasema hatuna. Akasema basi niandike ripoti, niilete Jumatatu mezani kwake, aone nani wa kumpelekea, maana jambo la sumu si la ofisi ya chawa. Nikasema sawa. Nilipotoka kwake nilijisikia nimemaliza.

Nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo nilipotaka kufika. Ijumaa mchana nilimlowesha yule chawa wa miiba mitatu kwenye potasi. Jumamosi nilimlaza kwenye kioo na kuanza kumchora. Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, nikarudi kazini na mfuko wa karanga, nikahesabu nywele mpaka jioni. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo aina moja ambayo nisingeichana, na sasa ilikuwa chini ya darubini yangu, madume wawili na majike wanne. Simu yangu ilikuwa mezani muda wote. Niliitumia kukandamiza karatasi ya mchoro isiruke na upepo.

Jumatatu ikapita, ripoti sijaiandika. Jumanne dereva wetu alirudi kutoka Muyinga, akasimama mlangoni na kutueleza aliyoyasikia. Kwenye kilima kimoja cha Giteranyi, mke na mume waliorudi kutoka Tanzania, Jozefina na Melkiori, walikuwa wamewazika watoto wao wawili kwa siku moja, Divina na Eriki. Walikula kwale wa kubanikwa Jumapili mchana. Mama alikuwa amewaachia watoto nyama, yeye na baba wakala mchuzi kidogo tu, wakaugua wakapona. Kwale walinunuliwa kwa Mkongomani. Watu walisema mwanamke huyo amekuja na uchawi wa kwao, anawalipa watu vifo kwa vita vya kwao. Walimtoa chumbani, wakampiga, wakachoma vitu vyake vyote. Polisi walimchukua akiwa hajitambui.

Mzee Venansi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani. Hakunitazama.

Niliandika ripoti saa ile ile, sikungoja mtu aitie sahihi. Jumatano nilipanda basi kwenda Muyinga na chupa ya punje na vioo viwili. Afisa aliyenisikiliza alicheka kidogo niliposema chawa. Nikamweleza polepole: hawa wanakula manyoya, hawa wanakunywa damu, hawa wako hai, hawa wamekufa, kwa hiyo sumu ilikuwa ndani ya damu ya ndege kabla hajafika kwa muuzaji. Mwuza ndege hawezi kutia sumu kwenye damu ya kwale aliyekwisha kufa. Aliacha kucheka. Aliomba darubini, nikamwazimia ya zahanati ya jirani, akatazama mwenyewe kwa muda mrefu. Punje zilipelekwa Bujumbura kupimwa.

Majibu yalichukua miezi. Wategaji wawili, watu wazima wenye familia, walikiri mbegu ilikuwa yao, na walisema hawakujua kwamba sumu huvuka kutoka kwa ndege kwenda kwa mtu. Inawezekana hawakujua. Nabintu aliachiwa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya, vidole vitatu havikunjiki tena. Watu walinisifu kazini. Mkuu alisema kwenye mkutano kwamba chawa wamemwokoa mtu.

Sasa nitawaambia ambacho mkutano haukujua. Kila lebo niliyoandika maishani mwangu ina siku. Kwenye ripoti ile niliandika siku niliyoiandika, Jumanne. Siku niliyoona sikuiandika. Aliyeisoma alidhani nilifungua kwale baada ya kusikia habari za vifo, nikafanya bidii, nikagundua. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumsahihisha mtu.

Mkuu aliijua siku hiyo, naye hakuitaja. Mwingine aliyeijua ni mmoja tu. Mzee Venansi alistaafu mwaka uliofuata. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imeharibika mpaka viwiko, na kifua kikawa kibaya. Madaktari walisema ni ile dawa ya ngozi aliyoishika maisha yake yote kwa vidole vitupu. Glavu tulikuja kuzipata baadaye. Nilimtembelea kwake kila wiki. Tuliongea habari za kazi, nani anatayarisha ndege sasa, nani anaharibu. Mara ya mwisho alikuwa hawezi kukaa. Aliniuliza kama yule Mkongomani amewahi kujua ni siku gani.

Nikasema hapana.

"Basi kazi ile bado," akasema.

Tulimzika wiki mbili baadaye. Nami bado sikwenda. Nilikwenda baada ya muda mrefu, na hata hapo nilijitafutia kisingizio. Maelezo ya chawa wa miiba mitatu yalikuwa tayari kuchapishwa na alihitaji jina. Niliamua kumwita kwa jina la Nabintu. Kwetu hiyo ni heshima. Jina linabaki vitabuni hata sisi sote tukiisha. Nilidhani nampelekea zawadi.

Nilimkuta Muyinga mjini, anauza ndagala, yaani dagaa waliokaushwa, hauzi ndege tena. Aliwapima kwa mkono wa kulia na kukinga kikombe kwa kiwiko cha kushoto. Alifurahi kuniona, akanipa kigoda. Nilimweleza habari za jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama amesikia vizuri, kama ni chawa. Nikasema ndiyo.

"Dada Goreti," akasema, "mi nilikuwa na jina pale Giteranyi. Ile jina walishaiharibu, watoto wanaiogopa. Sasa we unataka kuiweka ku chawa?"

Nikasema sitaiweka. Mteja akaja akaenda. Kisha akaniuliza kitu ambacho, nadhani, alikuwa amekaa nacho tangu siku aliyoachiwa. Alitaka kujua wale kwale sita niliwafungua lini. Alikumbuka kwamba sikuwahi kuwaacha zaidi ya usiku mmoja, kwamba kila mara nilisema chawa hawangoji.

Nikamwambia Ijumaa.

"Ijumaa asubuhi?"

"Asubuhi."

"Na namba yangu ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Alikifunika kikapu cha ndagala kwa kitambaa, akakifunua tena. Hakulia wala hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema Jumamosi yote alikuwa anabanika kwale, simu iko mfukoni mwa kitenge, na aliipokea mara mbili, mara zote ni watu wa kanisa. Alisema angewatupa mtoni wote, hata kama angelala njaa. Namwamini.

Niliomba msamaha. Akasema hilo ataliangalia na Mungu, si pale sokoni. Kisha akasema:

"Iko mama mumoja kule juu ya kilima. Mi siwezi kwenda, wataniua. We unaweza. Enda kwake, usikae hapa kunililia mimi."

Yule chawa alichapishwa kwa jina linalosema tu kwamba ana miiba mitatu. Maelezo yale hayana jina la mtu isipokuwa langu, kwa sababu mwandishi lazima atajwe. Klarisi, kwenye kabati utaona lebo zake zina Alhamisi kama siku ya kukusanywa na Ijumaa kama siku ya kufunguliwa. Hizo niliziandika sawasawa, na mtu yeyote angeweza kuzisoma. Na ile karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango, isemayo kwamba anayeona ndege wa sumu apige simu sokoni kabla ya kugusa potasi, ni mimi niliyeibandika. Msiibandue. Msisubiri sahihi.

Kwa mama wa kilimani nilichelewa tena. Nilisema nitakwenda nikistaafu, ili isiwe ofisi inayosema, iwe ni mimi. Huo nao ulikuwa uongo wa kujipa muda. Lakini nilikwenda, wiki iliyopita, kwa baiskeli kutoka barabarani na kwa miguu sehemu ya kupanda.

Melkiori alikuwa shambani, analima upande wa juu wa mihogo. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni nani na kwamba nimekuja kwa habari za watoto. Alisimama ameegemea jembe. Alisema yeye amekwisha kusikia yote, wategaji, dawa, mahakama, na hataki tena. Akanionyesha nyumba kwa kidevu. Kwa Kiswahili cha kambini, kile kile changu, akasema nimwone mke wake, maana mke wake mpaka leo anasema hakuwaivisha.

Sikuelewa mpaka nilipoketi jikoni kwa Jozefina. Alikuwa anapepeta maharage. Ni mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria, labda sasa ana miaka thelathini na mitano. Nilipomtajia kwale aliacha kupepeta. Alinieleza kwamba siku ile kuni zilikuwa mbichi, watoto wana njaa, wanamsumbua, naye akaipua chungu kabla ya wakati. Nyama ilikuwa bado ngumu karibu na mfupa. Alikuwa ameambiwa habari za sumu, ndiyo, mkuu wa kilima alikuja kuwaeleza. Lakini hakuna aliyemwambia kama moto unaiua sumu hiyo au hauiui, naye aliona haya kuuliza. Miaka yote hiyo alikuwa akiamini kwamba kama angewaacha motoni kidogo zaidi, watoto wangekuwa hai.

"Hata ningewachemsha siku nzima?" akaniuliza.

"Hata siku mbili. Moto hauiondoi. Kuni zako hazikuwa na kosa, wala wewe."

Alikaa akitazama ungo. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya maharage, haifanyi kitu. Ningeweza kuondoka wakati huo. Nilikuwa nimempa kitu cha kweli, na angenisindikiza mpaka njiani. Nilikaa. Nikamwambia kwamba lipo jingine, kwamba kwale wa kundi lile lile walikuwa mezani kwangu Gitega, kwamba niliiona sumu kabla wao hawajanunua, na kwamba nilikuwa na simu na namba ya muuzaji.

Aliniuliza ni siku gani.

"Ijumaa."

"Sisi tulinunua Jumapili."

"Najua."

Alisimama. Nilidhani ananitoa, nikaokota mfuko wangu. Alikwenda mlangoni, akamwita mume wake kutoka shambani kwa jina, mara moja, bila kupaza sana. Melkiori akaja na jembe begani, akalisimamisha ukutani, akaingia akainama chini ya kizingiti. Jozefina akamwonyesha pa kukaa, naye akaketi kando yake, akanigeukia.

"Rudia," akaniambia. "Mwambie na yeye kama ulivyoniambia, na siku uitaje."

Nikaweka mfuko chini, nikarudia, nikaanzia Ijumaa.